Oili chafu imezimwagikia nondo za ukuta wangu: nimwage zege Jumamosi?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Najenga Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, na nyuma ya nyumba nimeanza ukuta wa zege wa kuzuia udongo. Kimo chake ni mita 2.4, unene sentimita 20, na unakwenda mita 14. Msingi tulimwaga wiki tatu zilizopita. Nondo za milimita 12 zimechomoza juu ya msingi kama sentimita 60, moja kila baada ya sentimita 15. Mvua imenyesha, zikashika kutu nyekundu na tope, na zina matone ya zege yaliyokauka tangu siku ya msingi. Juzi fundi alisimamisha boksi la mbao la kumwagia zege, la upande mmoja, akafunga nondo za kusimama, halafu ndipo akakumbuka kupaka mbao oili chafu. Alipuliza kwa bomba la dawa ya mimea, na nondo za chini zimeloa. Anasema oili ni nzuri, inazuia kutu. Jirani yangu anasema tatizo si oili, ni kutu, ning'oe nondo zote ninunue mpya. Zege linamwagwa Jumamosi. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Kwa hili usimsikilize yeyote kati yao. Jumamosi usimwage zege. Kutu inayomtisha jirani yako, kwa maelezo uliyonipa, karibu haina neno. Oili anayoisifia fundi wako ndiyo ya kuondoa, na itakula siku yako moja, labda mbili. Tope lioshwe. Matone ya zege, mengi yake yatabaki yalipo. Nondo ya kung'oa sijaiona bado.

Nataka uelewe sababu, kwa kuwa mimi sitakuwepo hapo Goba fundi atakapokuuliza "kwa nini tunapoteza siku?"

Udongo ulio nyuma ya ukuta huo utausukuma usiku na mchana. Udongo wa kawaida wa kichanga, ukiwa mkavu na kimo ni mita 2.4, husukuma kwa karibu tani 1.7 kwa kila mita moja ya ukuta. Kwa mita zako 14 hizo ni tani 24 hivi. Ukuta umesimama kama nguzo iliyochimbiwa: unasukumwa kutoka nyuma, unataka kuinama mbele, na mahali unapokunjika zaidi ni chini kabisa, pale unapokutana na msingi. Upande wa udongo zege linavutwa, na zege halijui kuvutwa. Likivutwa kidogo tu linapasuka. Kazi hiyo ni ya nondo. Nimepiga hesabu kwa vipimo ulivyonipa, na kila nondo yako ya milimita 12 hapo chini itakuwa ikivutwa kwa nguvu ya tani 1.6 hivi. Ni kama kuning'iniza gari dogo na abiria wake kwenye nondo moja.

Sasa angalia nguvu hiyo inapita wapi. Nondo iliyochomoza kwenye msingi haikuunganishwa na ile ya kusimama kwa kitu chochote cha maana. Waya wa kufungia hauna kazi ya kubeba. Unazishika tu zisihame zege likimwagwa. Nguvu inatoka kwenye nondo ya msingi, inaingia kwenye zege linaloizunguka, na zege hilo linaikabidhi kwa nondo ya jirani. Yote hayo yanafanyika ndani ya zile sentimita 60. Ukikunjua ngozi ya nondo ya milimita 12 yenye urefu huo unapata sentimita za mraba 226, karibu theluthi mbili za ukurasa wa daftari la shule. Kwenye eneo hilo ndipo fundi wako amepuliza oili.

Ndiyo maana nilipoisoma barua yako sikushtuka kwa kutu. Nilishtuka kwa neno "chini". Kama oili ingekuwa imerukia nondo za kulala katikati ya ukuta, ningekwambia ifute kwa kitambaa na uendelee na kazi. Zile za kulala zinazuia nyufa za joto na za kukauka, hazishikilii mlima. Zilizochomoza kwenye msingi upande wa udongo ndizo zinazoushikilia. Kwa nafasi ya sentimita 15 unazo kama 94, na kila moja ina kazi.

Zege huishika nondo kwa njia tatu. Kwanza linaigandia, kama gundi, lakini gundi hiyo ni dhaifu na huachia nondo ikisogea hata kidogo sana. Pili ni msuguano. Tatu ni yale matuta yaliyo kwenye ngozi ya nondo: zege linajaa kati ya tuta na tuta, na nondo ikitaka kuchomoka inabidi ilivunje zege hilo kwanza. Kwa nondo za siku hizi zenye matuta, kazi kubwa inafanywa na hiyo njia ya tatu. Kwa nondo laini, zile za mviringo zilizokuwa za kawaida zamani, hakuna tuta, kwa hiyo gundi na msuguano ndio kila kitu.

Ninakueleza hivyo ili niwe mkweli kwako. Yamefanyika majaribio ya nondo zenye matuta zilizopakwa mafuta ya boksi, na mshiko haukupungua kwa kiasi ambacho watu wengi walikitarajia, kwa sababu hiyo hiyo ya matuta. Fundi aliyesoma majaribio hayo angeweza kukushinda kwa hoja. Lakini majaribio hufanywa kwa utando mwembamba wa mafuta safi, na zege lililoshindiliwa vizuri. Yako ni oili ya injini iliyotumika, nzito na nyeusi, yenye masizi, na imemwagwa hadi nondo "zimeloa". Oili ya namna hiyo hujaza mabonde kati ya matuta, ikachanganyika na vumbi, ikawa uji mzito. Tuta lililojaa uji halishiki kitu. Na hata pale ambapo nondo haichomoki, inateleza nusu milimita au milimita moja kabla ya matuta kuuma, na mtelezo huo unageuka kuwa ufa mpana chini ya ukuta, upande wa udongo usikoweza kupafikia tena. Maji ya mlimani yatapitia humo miaka yote.

Mwaka mmoja nikiwa bado kijana kazini nilisimamia ubomoaji wa ukuta wa tangi la maji lililokuwa limepasuka kwenye kiungo cha chini. Nondo zake zilikuwa laini. Tulipovunja zege kwa nyundo kubwa, baadhi ya nondo zilitoka kama upanga unavyotoka alani, na tundu lililobaki kwenye zege lilikuwa jeusi, limelainika, linanuka injini. Aliyejenga alikuwa amepaka mbao oili baada ya kufunga nondo, kama ilivyotokea kwako. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye ukuta, ninainama chini kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kuhusu hoja ya fundi kwamba oili inazuia kutu: ni kweli kwa nondo iliyolala stoo. Ndani ya zege mambo ni mengine. Saruji inapochanganyika na maji inatengeneza mazingira makali ya alikali, kipimo cha pH kinapita 12, na katika hali hiyo chuma hujijengea utando mwembamba usioonekana kwa macho unaokikinga na kutu. Mlinzi wa nondo ni zege lenyewe, ilimradi liiguse. Oili inakaa katikati na kuwatenganisha. Tena BS 8110, kanuni ya Uingereza iliyoondolewa huko mwaka 2010 lakini ambayo wahandisi wetu wa Tanzania na Kenya wameifuata kwa miaka mingi, iliagiza nondo isizungukwe na zege mpaka iwe haina tope, oili, rangi, grisi, kutu inayobanduka na kitu kingine chochote kinachopunguza mshiko. Mwambie hivyo kwa upole. Wala hujamwonea.

Usafishaji wenyewe uanzie kwenye kiungo cha chini, pale ukuta unapokutana na msingi, si kwenye nondo. Tandaza vumbi la randa au maranda juu ya zege la msingi kuzunguka nondo, kwa unene wa vidole viwili, ili oili utakayoiondoa juu isiingie kwenye zege. Kisha wape vibarua wawili matambara makavu wafute kila nondo kutoka juu kwenda chini, wakibadilisha tambara kila linapolowa. Hatua hii watu huidharau, wakakimbilia maji na sabuni, na matokeo yake oili inatapakaa badala ya kutoka. Futa kwanza mpaka tambara litoke na doa jepesi tu. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga iliyokolea, brashi ngumu ya kufulia, mkisugua kati ya matuta, kisha suuza kwa maji safi ya bomba. Rudia. Pale nondo mbili zinapogusana oili imejificha katikati. Kwa zile zilizoloa kweli, kata waya, zitenganishe, osha, ufunge upya. Fundi atalalamika. Waya ni rahisi kuliko ukuta.

Usiruhusu petroli, dizeli wala mafuta ya taa yatumike kuosha. Dizeli na mafuta ya taa yenyewe yanaacha utando, kwa hiyo unabadilisha oili nyeusi kwa oili isiyoonekana. Petroli kwenye boksi la mbao lililojaa oili ni moto unaosubiri sigara ya mtu mmoja. Usiruhusu pia nondo zichomwe. Nimewahi kuona watu wakiwasha moto wa makaratasi chini ya nondo ili "oili iungue". Nondo nyingi za sasa hupata nguvu yake kiwandani kwa kupozwa ghafla kwa maji zikiwa bado nyekundu, na ngozi yake ya nje ndiyo ngumu kuliko kiini. Ukiirudisha motoni mpaka iwe nyekundu unaiondolea nguvu hiyo, na ikipoa inaonekana vile vile kama mwanzo. Hutajua.

Utajuaje kwamba imetakata? Chukua kikombe cha maji safi, umwagie nondo taratibu. Kwenye chuma chenye mafuta maji yanajikusanya kuwa vishanga na kuteleza, kama kwenye jani la mgomba. Kwenye chuma safi yanatambaa na kuilowesha nondo nzima kwa utando mmoja. Jaribio hili halina gharama na halina ubishi. Ningefurahi umwache fundi amwage maji hayo kwa mkono wake mwenyewe, kwenye nondo iliyooshwa na isiyooshwa, zikiwa jirani.

Ukimaliza nondo, zoa maranda yote na uangalie zege la msingi pale ukuta utakapokalia. Popote palipo na doa jeusi la oili, chonga kwa patasi mpaka upate zege lisilo na doa. Na hata pasipo oili, ule uji mweupe wa saruji ulioganda juu ya msingi siku ya kumwaga ni dhaifu, unakwanguka hata kwa msumari. Utoe mpaka kokoto zianze kuonekana. Zege jipya litashika kwenye kokoto. Kwenye uji huo litaachia, na hapo ndipo maji yatapenya.

Sasa kutu, ili umtulize jirani. Kutu nyekundu ya wiki tatu za mvua ni vumbi na ukwaru. Sugua kwa gunia kavu. Ikikuachia wekundu kwenye gunia na nondo ikabaki na rangi ya kahawia iliyoshikamana, iache. Ukwaru huo kwa kweli unasaidia mshiko kidogo. Kutu mbaya inajulikana kwa magamba: ukiigonga nondo kwa nyundo ndogo inadondosha vipande vya kubanduka, na chini yake kuna vishimo. Magamba hayo yaondolewe kwa brashi ya waya, kwa kuwa zege litashika gamba na gamba halijashika nondo.

Swali linalobaki ni kama kutu imekula chuma hadi nondo ikapungua. Hilo halijibiwi kwa macho. Chukua nondo nzima ya mita 12 iliyobaki, ambayo imenyeshewa kama wenzake, ipige brashi ya waya kwa mkono, kisha ipime. Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na kilo 0.888 kwa kila mita, kwa hiyo nzima ni kilo 10.7 hivi. BS 4449, kiwango cha Uingereza cha nondo, kinaruhusu pungufu ya asilimia 4.5, maana yake isishuke chini ya kilo 10.2. Ikipita hapo, na matuta yake bado yamesimama, mjibu jirani yako kwa namba hiyo. Utakuwa pia umejua kama ulichouziwa kilikuwa milimita 12 ya kweli, na hilo nakushauri ulifanye mapema zaidi kwa ujenzi mwingine, siku mzigo unaposhuka.

Kuna kutu moja ambayo ningeiogopa hata ikiwa nyembamba, nayo ni ya chumvi ya bahari. Goba iko mbali kidogo na ufuo, lakini nondo inaweza kuwa imekaa miezi kwenye yadi iliyo karibu na maji kabla hujainunua, na wasomaji wangu wa Tanga, Unguja na Mombasa wanalijua tatizo hili. Chumvi huchimba vishimo vidogo virefu, na inabaki ndani ya vishimo hivyo hata baada ya kusuguliwa kwa brashi. Zege likishamwagwa, kloraidi iliyo kwenye chumvi inautoboa ule utando wa kinga niliokueleza, kutu inaendelea humo humo ndani, na kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma iliyokila. Zege halina pa kupanukia. Linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linabanduka. Nondo za namna hiyo zioshwe kwa maji safi yenye msukumo, na zikiwa na vishimo vya wazi zisitumike kwenye ukuta wa kuzuia udongo.

Kwa sababu hiyo hiyo angalia maji yako. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Usiviamini kwa kuoshea nondo wala kuchanganyia zege kabla ya kupima. Wako watu wanaochota baharini kabisa, na hesabu yake inatisha: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloraidi; mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa kwa lita 25 za maji hayo unapokea gramu 475, karibu asilimia 0.95 ya saruji. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa zege la nondo ni asilimia 0.4. Umepita zaidi ya mara mbili kabla hujahesabu chumvi ya mchanga.

Tope ni jambo jepesi likiwahiwa. Likiwa bichi, mpira wa maji unatosha. Likikauka linageuka kuwa koti la udongo kati ya nondo na zege, na hapo unahitaji brashi. Mvua ikinyesha tena kabla ya kumwaga, tope litaruka kutoka kwenye kingo za mtaro wako na kurudi pale pale, kwa hiyo funika kingo kwa nailoni na uchimbe kijifereji cha kuyatoa maji.

Matone ya zege yaliyokauka yapige kwa brashi ya waya na nyundo ndogo. Yanayopukutika ni unga dhaifu, yaondoke. Yanayogoma kutoka yameshika nondo kwa nguvu ile ile ambayo zege jipya lingeishika; yaache, usiwachoshe vibarua kuyang'oa. Safari nyingine vifunikeni vichwa vya nondo kwa nailoni au vipande vya gunia siku ya kumwaga msingi. Ni kazi ya nusu saa.

Lakini matone ya zege yana sura nyingine ambayo wengi hawaifikirii, kwa kuwa hutokea siku yenyewe ya kumwaga ukuta. Ndoo ikimwagwa kutoka mita 2.4 juu, zege linagonga nondo njiani. Kokoto zinatangulia chini peke yake na kujirundika, na huku juu nondo zinabaki zimepakwa uji wa saruji. Kwa jua la Dar es Salaam uji huo unakauka kabla zege halijapanda kuufikia, hasa mchanganyiko ukichelewa au watu wakienda kula. Mnamwaga zege juu ya ganda. Dawa yake ni kushusha zege kwa faneli yenye bomba pana linalofika karibu na chini, na kupanda kwa tabaka za sentimita 40 hadi 50 kwa urefu wote wa ukuta, kila tabaka likishindiliwa kwa vaibreta, mashine ya kutikisa zege, kabla ya linalofuata. Kama mita 14 ni nyingi kwa mashine moja na watu ulionao, gawanya ukuta vipande viwili kwa kiungo cha kusimama kilichopangwa na mhandisi wako. Ikitokea mkasimama katikati bila kutaka, brashi ya waya ipite kwenye nondo za juu kabla ya kuendelea.

Nirudi kwenye boksi, kwa sababu kosa la fundi wako halikuwa oili. Kila mtu anahitaji kitu cha kuzuia zege lisigande kwenye mbao. Kosa lilikuwa mpangilio. Mbao hupakwa zikiwa zimelala chini, mbali na nondo, siku moja kabla. Utando mwembamba, kisha ziada inafutwa kwa tambara mpaka ukipitisha kidole kisichuruzike. Ndipo zinasimamishwa. Mafuta maalumu ya boksi yapo madukani na yanatumika kidogo sana. Pasipo hayo, nailoni iliyotandikwa vizuri juu ya mbao inafaa kuliko oili chafu. Mbao za upande wa pili bado hazijasimama, kwa hiyo hapo una nafasi ya kuanza upya vizuri.

Na ukuta una tabia moja ambayo sakafu haina: ukishaufunga pande zote mbili, huoni tena kitu. Sentimita 20 za giza, zenye wavu wa nondo, kina cha mita 2.4. Kila uchafu utakaobaki humo unabaki milele. Kwa hiyo kabla ya ubao wa kwanza wa upande wa pili kusimama, mwite mhandisi aliyekuchorea ukuta, na akija mwulize pia kama nondo kubwa ziko upande wa udongo. Ninalisema hilo bila kuulizwa, kwa kuwa nimekuta zaidi ya mara moja zikiwa zimewekwa upande wa mbele, na huko hazisaidii kitu. Aangalie vitofali vya kuzitenga nondo na mbao, sentimita 5 upande wa udongo, na mabomba ya kutolea maji yanayopenya ukuta, pamoja na kokoto nyuma yake. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wako, zile tani 1.7 kwa mita zinakuwa zaidi ya 3.5. Hakuna usafi wa nondo utakaofidia hilo.

Upande wa pili ukifungwa, mwagize seremala aache vidirisha chini kabisa ya boksi, kama sentimita 20 kwa 20, kimoja kila baada ya mita mbili. Kupitia hapo mtatoa maranda, vipande vya waya, majani na vifuniko vya chupa, na maji ya kuoshea yatatokea huko badala ya kutuama kwenye kiungo. Vipande vya waya vilivyodondoka viokoteni kwa sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio ikifungwa kamba inafanya kazi hiyo vizuri sana. Soda na chai ya vibarua zisinywewe juu ya boksi, maana sukari kidogo tu inachelewesha saruji kushika. Vidirisha vinazibwa asubuhi ya kumwaga, baada ya mtu kulala kifudifudi na kuchungulia kwa tochi kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo Jumamosi yako itumie kwa matambara, maji ya moto na patasi. Jumapili nondo zikauke. Jumatatu asubuhi mwagia kikombe cha maji kwenye nondo kumi za chini utakazozichagua mwenyewe, siyo atakazokuchagulia fundi. Maji yakitambaa kwenye zote kumi, mwite mhandisi wako. Hata moja ikitoa vishanga, mrudi kwenye sabuni, na ubao wa upande wa pili uendelee kulala chini.